Mabega Mawili ya Gwakisa

Jumamosi, saa moja na dakika arobaini na moja asubuhi, Gregori alipiga simu ya dharura kutoka nyumbani kwake Springfield, Virginia. Mpangaji wake Gwakisa, fundi wa miaka thelathini na minne, alikuwa amelala chini ya ngazi za besimenti, ghorofa ya chini ya ardhi, hajitambui, shati limelowa. Polisi walipofika, Gregori aliwaeleza yote kabla hawajauliza. Usingizini, kabla ya saa moja, alisikia Gwakisa akigombana na mpangaji mwenzake, Elisante, kisha kishindo. Akalala tena. Alipoamka, saa moja na dakika arobaini, akamkuta hivyo.

Jirani naye alisikia ugomvi. Elisante mwenyewe hakukana: waligombana kweli, kisa sigara chumbani, akatoka saa moja kasoro kumi kwenda kazini Herndon. Saa tano alikuwa mahabusu. Karatasi zake za uhamiaji zilikuwa bado zinasubiri jibu. Shitaka la kumsukuma mtu ngazini lingezimaliza, na Gwakisa akifa, lingegeuka kuwa la mauaji.

Dada yake Elisante, Vumilia, alifika hospitalini Fairfax akiwa na sare ya kazi. Kwao alikuwa daktari wa mifupa kwa miaka kumi na moja. Virginia vyeti vyake havikumsaidia kitu, kwa hiyo anaogesha wazee, na ukimwita daktari anakukata jicho. Gwakisa alikuwa amemwandikisha kama ndugu wa kuitwa akipatwa na jambo, maana hapa Marekani hakuwa na mwingine.

Daktari wa zamu, Akosua, alimweleza kwa Kiingereza, bila kumficha.

"Kichwani ana uvimbe mdogo tu. Kilichommaliza ni mapafu. Tumefyonza maziwa humo, mengi. Ubongo ulikosa hewa muda mrefu. Sidhani kama ataamka."

"Maziwa?"

"Labda alikuwa anapata kifungua kinywa."

Vumilia alisogea kitandani. Alikuwa anaitazama mikono ya Gwakisa. Yote miwili ilikuwa imejikunja juu ya tumbo, imegeukia ndani. Alijaribu taratibu kuugeuza wa kulia utoke nje, haukwenda. Wa kushoto, vilevile. Kwenye kidole gumba aliona alama nyeusi, ndogo kama punje ya mtama.

"Mabega mlipiga eksirei ya mbele tu?"

"Ndiyo. Yalionekana yapo mahali pake."

"Nakuomba, piga ya ubavuni."

Akosua aliitazama sare ya Vumilia, akaitazama tena ile mikono, akaagiza mashine. Mabega yote mawili yalikuwa yameteguka kwenda nyuma, na la kulia mfupa ulikuwa umevunjika.

Mpelelezi aliitwa Jumaane, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni na ambaye hukitamka kama anayesoma hotuba. Vumilia alimkuta kwenye korido saa tisa alasiri.

"Dada Vumilia, pole sana. Lakini ninaomba uelewe. Mtu akisukumwa ngazini, huvunjika."

"Huvunjika wapi?"

"Popote."

"Si popote! Anayeanguka anatanguliza mkono. Anavunja kifundo cha mkono, au bega linatoka, moja, tena kwa mbele. Gwakisa vifundo vyake vizima. Mabega mawili kutoka kwa nyuma kwa pamoja si kazi ya ngazi, wala ya mdogo wangu. Ni misuli yake mwenyewe iliyobanwa yote kwa mpigo mmoja. Ile inayovuta mkono ndani ina nguvu zaidi, inashinda. Kinachofanya hivyo ni degedege la kifafa, au umeme."

"Ana kifafa?"

"Miaka miwili anakula kwangu kila Jumapili. Hana. Na maziwa hanywi, yanamvuruga tumbo. Halafu kidole gumba kimeungua."

Jumaane alitoa simu, akamwonyesha picha ya jiko la besimenti. Ilipigwa saa tatu kamili asubuhi, lakini saa ya maikrowevu ilisoma 1:50.

"Nilidhani ni mbovu," alisema.

"Si mbovu. Umeme ukikatika, ukirudi inaanza upya 12:00. Hesabu mwenyewe."

Tangu 12:00 ilikuwa imehesabu saa moja na dakika hamsini; ukizitoa kwenye saa tatu, umeme ulirudi saa moja na dakika kumi. Jumaane alipiga simu mbili. Mtaani umeme haukukatika asubuhi hiyo. Kadi ya Elisante iliguswa kwenye lango la stesheni ya treni saa moja kasoro dakika mbili.

"Na nyumbani alibaki bwana Gregori," alisema, "ambaye alikuwa amelala."

Jumapili adhuhuri Jumaane na Vumilia walimkuta Gregori jikoni kwake, bado na suti ya kanisani, ambako hakosi kiti cha mbele. Aliwakaribisha kwa bashasha kama wageni wa harusi.

"Swichi kubwa ya umeme iko wapi, bwana Gregori?" Jumaane aliuliza.

"Chumbani kwangu. Why?"

"Nani aliiwasha jana saa moja na dakika kumi?"

"Nilikuwa nimelala, I told you guys. Hiyo system ni ya zamani, inaji-reset."

"Na maziwa?" Vumilia aliuliza. "Nayo yalijimwaga?"

Uso wa Gregori ulisawijika. Akavuta kiti, akaketi.

"Kwetu mtu akipigwa shoti anapewa maziwa," alisema polepole. "Mama alimfanyia kaka yangu, akapona. Nilimmwagia kifuani. Nikamnywesha."

"Hajitambui, ukamnywesha?"

"Nilikuwa namwokoa, dada! Tulikuwa tuna-rewire besimenti, tunabadilisha nyaya. Elisante alipotoka nikazima umeme, Gwakisa akaanza kazi. Nikasahau. Nikawasha nipige pasi shati. Nikasikia ukelele. Nikazima, nikashuka, bado anapumua."

"Simu ulipiga baada ya nusu saa."

"Sina license ya kazi ya umeme. Kaunti walishani-stop mara moja. Wangenifungia nyumba, wangenifunga mimi. Nikaficha nyaya, nikarudisha umeme, nikamburuta hadi ngazini."

"Na Elisante?"

"Yule bado kijana. Ningemtafutia lawyer."

Vumilia alimchukia mtu huyo kwa moyo wake wote, na hakuona haya.

"Angepona?" Gregori aliuliza. "Ningepiga simu mara ile?"

Vumilia angeweza kumhurumia kwa uongo. "Mabega tungeyarudisha siku ileile. Angefungwa mikono wiki kadhaa, basi. Hukumwacha apumue."

Jumaane alimfunga pingu.

Jumatatu saa nne asubuhi Elisante aliachiwa bila shitaka. Alimkuta dada yake amekaa kwenye ngazi za nje ya mahabusu, akamkumbatia, akaomba wapitie kwanza hospitali akamtake Gwakisa radhi kwa yale maneno ya sigara.

"Walizima mashine ya kupumulia saa mbili," Vumilia alisema.

Elisante aliketi. Akauliza, "Mama yake ameambiwa?"

Vumilia alibonyeza namba ya mama huyo kule Tukuyu. Simu ilipokelewa haraka, na mama akacheka kwa furaha kuona namba ya Marekani, akauliza kama leo Gwakisa hakwenda kazini.