Hiyo N Imeingia Tu

"Bwana yako ametuambia huji," Kamlesh alisema, mkono mmoja kwenye mlango wa basi na mwingine umeshika orodha ya majina. "Nimeshampa mtu mwingine kiti chako. Haidhuru, panda, nyuma kuna nafasi."

Mzee Kamlesh alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake cha dukani hakijawahi kumtoka. Ndiye anayewakusanya wapenda ndege wa Handsworth, Birmingham, kila msimu wa baridi, akakodi basi, akawapeleka pwani ya Wales kutazama ndege wanaokimbia barafu za kaskazini.

Jokha alikuwa anahema. Amekimbia kutoka Lozells, kapu la maandazi mkono huu, simu mkono ule, na baridi ya Januari imemwingia mpaka kwenye meno.

"Amekwambia saa ngapi, mzee?"

"Alipofika tu. Kumi na mbili na nusu hivi."

Saa kumi na mbili na nusu Jokha alikuwa bado jikoni, anaepua maandazi ya mwisho. Dagane, mumewe, alitangulia kwenda kusaidia kupakia vyombo, wakaagana vizuri tu. Hakuna aliyekuwa amechelewa. Na ilipofika kumi na mbili na dakika arobaini, Jokha anafunga mlango, ujumbe wa mumewe ukaingia:

"Jokha basi nimekuacha"

Sasa wewe unayesoma, kama hukulelewa Unguja, utasema kuna nini hapo. Kwa Jokha, mtoto wa Kikwajuni, mume hamwandikii mkewe "nimekuacha" hata kwa mzaha. Hilo ndilo neno lenyewe la talaka. Na Dagane alikwisha kutoa talaka mbili katika miaka sita ya ndoa, zote za hasira, na mara zote mbili akamrejea mkewe kabla eda haijesha. Talaka ya tatu haina rejea.

Akapanda basi.

Dagane alikuwa dirishani, darubini shingoni. Alipomwona mkewe alishtuka.

"Umefika?"

"Nimefika. Na basi lako hili hapa, halijaenda popote. Hebu nisomee huu ujumbe."

Alimwekea simu mbele ya pua. Dagane akasoma, akajikuna kidevu, akasoma tena.

"Ah, Jokha! Hiyo ni typo."

"Taipo gani?"

"Nilitaka kuandika 'basi imekuacha'. Bus! Ona, hiyo N imeingia tu. Nilikuwa na gloves."

"Limekuacha. Basi limekuacha, si imekuacha."

"Wewe mtu wa ngeli, mimi mtu wa Garissa. Kwetu basi inaacha watu. Toa N usome."

Jokha aliitoa ile N kichwani akasoma. Ilisomeka, tena ilisomeka vizuri kabisa, na moyo wake ulitaka kuikumbatia hapo hapo mbele ya watu. Lakini kitu kimoja kilimzuia. Dagane huapa "wallahi" hata akikwambia nje kuna mvua. Leo hakuapa.

Akaenda kukaa nyuma peke yake. Hakujua kama ana haki ya kukaa karibu naye.

Basi lilipoipa Birmingham mgongo, alimpigia Ifrah, dada yake Dagane anayeishi Ladywood, akamsomea ujumbe kwa sauti ya chini.

"Wifi yangu, futa," Ifrah alisema. "Nani ameiona? Wewe, yeye na simu. Delete, story iishe."

"Na Mungu?"

"Mungu anajua Dagane hajui kuandika. Wewe unampenda?"

"Nampenda, Ifrah. Nampenda mpaka najionea aibu."

"Sasa unatafuta nini?"

"Natafuta kujua leo nikilala, nalala na mume wangu au na mwanamume tu."

Ifrah alisema taratibu, "Hiyo muulize Sheikh."

Sheikh Mohamedamin, aliyewarudisha pamoja mara zote mbili, alijibu kwa ujumbe wa sauti. Jokha akabana simu sikioni.

"Binti yangu, talaka ya maandishi hukumu yake ni nia ya mwandishi, pale pale alipoandika. Kama ni kosa la kidole, nyinyi ni mke na mume. Mwambie aape. Akiapa, mwamini, mle chakula chenu, na habari hii isirudi tena."

Alisikiliza mara tatu. Kiapo kimoja tu, sentensi moja, na ndoa yake ingekuwa salama. Aliomba dua njia nzima.

Pwani yenyewe haikuwa ya kumfurahisha mtu. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, kumebaki tope la kijivu mpaka upeo wa macho, na upepo wa kukata masikio. Wenzao walijipanga kwenye ukuta wa mawe na darubini zao, kimya kama watu waliokwenda kuzika.

Dagane alimfuata. Akasimama kando, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Umeona pale?" alinong'ona. "Mwenye mdomo mrefu umepinda. Curlew. Sijui Kiswahili wanamwitaje."

Jokha alitazama. Ndege wa rangi ya tope, anachomeka mdomo, anachomoa.

"Sululu huyo."

"Nini?"

"Sululu. Kwetu wanakuja tele, maji yakitoka. Bibi alikuwa akituambia tusiwatupie mawe, ni wageni, wametoka mbali."

"Sululu," Dagane alirudia. Akatoa kidaftari chake, akaandika, na akatabasamu lile tabasamu ambalo Jokha hakuliona tangu mwaka juzi. "Miaka yote hii namtazama, kumbe jina lake analo mke wangu."

Mke wangu. Jokha aliumia kwa jinsi alivyolitaka neno lile.

"Dagane, Sheikh amesema uape."

Tabasamu likaondoka.

"Umemuuliza Sheikh kwa sababu ya herufi moja?"

"Nimemuuliza kwa sababu ya ndoa yangu. Apa tu. Sema wallahi niliandika 'imekuacha'. Mie nitakuamini, nitakupa maandazi yako, na tutatazama sululu mpaka tuote mizizi."

"Jokha, watu wanatuangalia."

"Wanaangalia ndege. Apa."

Dagane akainua darubini, akalitazama tope.

"Mbona ulimwambia Kamlesh siji, saa kumi na mbili na nusu? Mie nilikuwa jikoni, nakaanga. Ulijuaje siji?"

"Nilidhani..."

"Hukudhani! Na saa ujumbe ulipotoka basi halikuwa limemwacha mtu. Injini haikuwashwa! Halafu unaniambia N imeingia. Imeingia kwa mlango gani? Kwenye simu I iko juu, N iko chini kabisa, nimeipima njiani kwa kidole changu mwenyewe. Usinifanye mjinga, Dagane! Kosa ngeli uwezavyo, lakini mie usinifanye mjinga!"

Sauti ilimtoka kubwa. Kundi zima la ndege likaruka kwenye tope, na wenye darubini wakageuka. Jokha hakujali. Dagane alikuwa anamtazama kwa macho yaliyojaa maji.

"Unajua," alisema, "leo ndiyo mara ya kwanza umenibishia."

"Ati nini?"

"Tangu nikurejee mara ya pili. Mwaka mzima na nusu, Jokha. Nikisema chai ni baridi unasema pole, na chai ina moshi. Nikikohoa unaleta maji. Unanichekea hata nikiwa na makosa. Nyumba nzima inaogopa mdomo wangu utatoa ile ya tatu. Mimi nilioa msichana aliyenigombeza siku ya kwanza kwa sababu nilisema 'kitabu yangu'. Huyo sikumwona tena. Nikiingia ndani naona mtu ananitetemekea, na najua ni mimi nimemfanya hivyo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikawa nakuja huku peke yangu. Huku hakuna anayeniogopa isipokuwa ndege. Jana ukasema unakuja na wewe. Leo nikafika kwenye basi, nikamwambia Kamlesh huji, nikakaa, nikaangalia kile kiti cha kando..." Akafuta pua kwa glavu. "Sikuwa na ubavu wa kukwambia usoni. Nikaandika 'basi imekuacha'. Nikaisoma. Halafu nikarudi mwanzo wa neno nikaweka N."

Jokha alishika ukuta.

"Uliiweka wewe."

"Niliiweka. Nikajiambia akielewa ni talaka, iwe. Akiuliza, nitasema ni typo. Halafu ukapanda na kapu lako, umekimbia mpaka kilemba kimekaa upande. Nikaogopa."

"Sasa hivi je?"

"Sasa hivi nataka iwe kosa. Haki ya Mungu, vile umenipigia kelele hapa, ningetoa chochote iwe kosa la kidole."

"Sheikh hakuuliza sasa hivi, Dagane. Ameuliza pale ulipoandika. Ulikusudia?"

Angeweza kusema hapana. Jokha mwenyewe, ndani kabisa, alimwomba aseme hapana. Angelimeza, na angeishi nalo mpaka kaburini.

"Nilikusudia," Dagane alisema. "Wallahi."

Kiapo alichokitafuta njia nzima kikaja, kimekuja upande usiotakiwa.

Hawakugombana tena, maana wagombanao ni watu wenye kitu cha kugombania. Saa tisa Kamlesh akawaita watu ndani ya basi. Alipoona mke na mume wamekaa viti mbalimbali alitaka kutia mzaha, akawatazama vizuri, akaufunga mdomo wake. Baadaye alimletea Jokha kikombe cha chai, akaketi kando yake bila kuuliza kitu mpaka taa za mji zilipoanza kuonekana.

Waliposhuka Soho Road giza lilikwisha ingia, ingawa ilikuwa saa kumi na moja tu. Dagane alitoa funguo za nyumba, akaziweka juu ya kapu. Hakumgusa mkono.

"Kaa wewe nyumbani. Mimi nitakuwa kwa Ifrah. Nitamwambia Sheikh mwenyewe."

"Sawa."

"Jokha, nisamehe."

"Nenda, Dagane. Baridi."

Alimtazama akivuka barabara na mfuko wake wa darubini, akasimama kituo cha basi la mjini, akageuka mara moja, akapanda. Jokha alibaki mbele ya duka la mboga, watu wanampita na mafurushi yao. Akapiga simu Unguja.

"Mama."

"Ee, mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

"Nimeachwa, Mama. Ya tatu."

Mama yake alivuta pumzi ndefu. Nyuma yake redio ilikuwa inaimba, akaizima.

"Inna lillahi. Amekuacha kwa lipi tena, Jokha? Umemfanya nini?"

"Sikumfanya kitu, Mama. Nilikuwa naogopa ataniacha."

Kisha akalia, hapo hapo barabarani, kwa sauti, na mama yake akamngoja kwenye simu.