Wadudu kwenye Tangi la Elina

Elina alikuwa ameshagombana na kondakta, utingo na mama mmoja mwenye kuku wakati Luhende alipotokea. Ilikuwa stendi ya Bariadi, mchana wa jua kali. Alisimama mlangoni mwa basi akiwa ameikumbatia ndoo yenye mfuniko, gauni lake la kitenge cha njano limelowa mapajani. Ndani ya ndoo mlikuwa na samaki wawili wa baharini, wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, na jiwe kubwa la baharini, vyote kutoka Tanga. Kondakta alimwambia maji yake yamelowesha mizigo ya watu. Elina alimjibu kwamba mwendo wa basi lake ndio ulioilowesha, tena na yeye amelowa.

Ndipo mwanamume mrefu, shati jeupe limenyooshwa likanyooka, akavuka barabara kutoka duka la pembejeo, akaichukua ile ndoo mikononi mwake bila kusema neno, akaenda kuitua kivulini.

"Pole, mrembo. Umebeba kisima?"

"Rudisha ndoo yangu."

Akacheka. Alikuwa na mwanya, na mwanya huo ulimfaa. Hasira za Elina ziliishia njiani, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza. Mtu akikunyang'anya mzigo huku anatabasamu, bado amekunyang'anya.

Walipendana upesi. Elina alifungua saluni mtaa wa Somanda, na kila jioni Luhende alifunga duka lake la dawa za pamba, akaja kumngoja na mishikaki kwenye karatasi. Alimwita "mama mwenye bahari". Tangi la kioo lilikaa sebuleni kwa Elina, na wale samaki Luhende aliwaita shemeji zake. Akiingia, huwasalimia wao kwanza. "Mwadeela, shemeji," atasalimia kwa Kisukuma akiwa ameinama kwenye kioo, na Elina atacheka mpaka ashike ubavu.

Utunzaji wa samaki wa maji ya chumvi alifundishwa Tanga na mama mwenye hoteli alikokuwa akisuka. Yule mama alimwambia tangi jipya ni maji tu, halina uhai. Siku utakapoona vidudu vyeupe, vidogo kuliko punje ya uwele, vinatembea kwenye kioo, ujue maji yamekubali. Hao ni jamaa wa kamba na kaa. Hawang'ati, hawaumizi mtu wala samaki, na samaki wenyewe huwala wakanenepa. Basi kila jioni Elina alimulika kioo kwa tochi ya simu, haoni kitu. Luhende akamtania kwamba anatafuta wachawi. Elina akamwambia anasubiri wageni. Luhende akacheka, akaendelea na mishikaki yake. Angeuliza tu wageni gani, yasingetokea yaliyotokea.

Lakini kuuliza hakukuwa desturi yake. Alibadilisha bango la saluni akaleta jekundu, ati linaonekana mbali. Kisha siku moja akaja na furaha tele: wazee wake wa Kiloleli wameshapanga Jumapili ya mwisho wa mwezi waende Zagayu kwa baba yake Elina, mzee Masele, kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari. Elina akauliza nani aliyesema yuko tayari. Luhende akamwambia alitaka kumfurahisha. Elina akameza hasira, maana alimpenda, na hasira ukizimeza hazifi, zinangoja tumboni.

Wiki mbili kabla ya Jumapili hiyo, shangazi yake Elina, Mboje, akafariki huko Zagayu. Elina akaenda msibani, akamwachia Luhende ufunguo awalishe samaki. Chakula kidogo tu, mara moja kwa siku. Na jambo lolote likitokea, ampigie simu.

Simu alipiga, tena kila jioni. Alimpa pole, akamwambia amemkumbuka, akamuuliza kama amekula. Elina akiuliza habari za samaki, anaambiwa shemeji wanasalimia.

Aliporudi, amechoka, kanga ya msiba bado kiunoni, alimkuta Luhende amekaa sebuleni kama mtu anayesubiri daktari. Nyumba ilinuka harufu anayoijua tangu utotoni, harufu ya shamba la pamba siku ya kupulizia. Ndani ya tangi samaki wawili walielea matumbo juu.

"Umeme ulikatika, mpenzi," alisema Luhende. "Mashine ya hewa ikazima. Nimejitahidi sana."

Elina akainama. Samaki walikuwa wa kijivu.

"Luhende, hawa ni sato wa ziwani."

Luhende akatazama mlangoni.

"Nakuuliza. Samaki wangu wako wapi, na sato wametoka wapi?"

Ndipo yakatoka yote, vipande vipande, kama mtoto aliyevunja chungu. Juzi jioni alikuwa amemulika tangi na tochi, kama Elina anavyofanya, akaona wadudu wamejaa kwenye kioo, weupe, wanatembea. Akashtuka. Yeye mtu wa dawa, kila siku wakulima wanamletea wadudu kwenye kopo wakiuliza wafanye nini. Akaenda dukani, akachukua ile dawa ya kupulizia pamba, akatia kifuniko kimoja tu. Asubuhi wadudu wote walikuwa wamekufa. Mchana na samaki nao. Kwa hofu akapanda pikipiki mpaka Nyashimo, akanunua kwa mvuvi sato wadogo wazima, akawatia humo akitumaini Elina hatagundua haraka. Wakafa siku hiyo hiyo, kwa chumvi au kwa dawa, hajui.

"Hata kukuambia kwenye simu niliogopa," alisema. "Ona mwenyewe walivyokuwa wengi. Niliwapiga video, kama ninavyowaonyesha wateja kabla na baada ya dawa."

Akampa simu, akiamini kabisa kwamba hapo ndipo atakapoeleweka.

Elina akatazama. Kwenye kile kioo kidogo wageni wake walikuwa wamefika. Walikuwa wengi, weupe, wamejipinda kama vikamba, wengine wanarukaruka majini, wengine wanapanda kioo taratibu kama wenye nyumba. Samaki mmoja akapita akamdonoa mmoja wao, akaenda zake ameshiba. Miezi yote aliyongoja, na wakaja akiwa msibani, na aliyewapokea akawaua, halafu anamwonyesha kama ushahidi wa kazi nzuri.

"Hao ndio niliokuwa nawasubiri," alisema. "Hao ndio wageni. Walikuwa chakula cha samaki. Hawamdhuru mtu."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Ungeuliza. Umenipigia simu kila jioni, Luhende. Kila jioni. Umeniuliza kama nimekula."

"Kwa hiyo unanifokea kwa sababu ya wadudu? Mke wangu, samaki tutanunua wengine."

"Mimi si mke wako. Na si wadudu. Ndoo uliichukua hukuuliza. Bango hukuuliza. Wazee umewaita hukuuliza. Leo umeua, umeficha, umenidanganya machoni na maiti za sato ziko mbele yangu. Nikiolewa na wewe, utaniuliza lini? Toka. Na hao wazee wasije."

Akatoka. Elina akamwaga tangi lote uani, akilia kwa hasira, akasugua kioo mpaka vidole vikachubuka. Kwa siku zilizofuata simu iliita, hakupokea. Wateja saluni walisema anavuta nywele sana.

Na wazee wakaja. Jumapili hiyo walikuwa wamekaa uani kwa mzee Masele, Zagayu, kofia magotini, Luhende kati yao, na mshenga wao, mzee Ngeleja, anasifu ukoo. Elina, aliyeitwa na baba yake, alikuwa amevaa gauni la bluu aliloshonewa na mama yake kwa siku hiyo. Akapiga magoti kusalimia kama alivyolelewa. Kisha hakuinuka.

"Baba, mimi sijaulizwa," alisema. "Na nilikataa."

Mzee Masele alimkemea anyamaze. Ngeleja alitaka kujua kuna nini, na aliposikia ni samaki, alicheka, akaahidi kumletea ndoo nzima kutoka ziwani. Wanaume wote wakacheka. Luhende peke yake hakucheka. Akasimama, shati jeupe limemlowa jasho.

"Mzee Ngeleja, tusimcheke. Niliua vitu vyake kwa ujinga, nikamdanganya. Aliniambia tusije, nikaona aibu kuwaambia nyinyi, nikawaleta." Akamgeukia. "Elina, tukae au turudi?"

Wanaume wote wakamgeukia Elina.

"Rudini," alisema Elina.

Wakaondoka, wali umepoa kwenye sinia. Mzee Masele alisema maneno ambayo binti hayasahau, kwamba ng'ombe wamefika mlangoni na yeye anawafukuza kwa sababu ya vitoweo. Elina akaenda kuosha vyombo, anavigonganisha. Alikuwa anangoja. Alijua Luhende atarudi na pikipiki, atamleta mama yake, atapanga jambo, atalazimisha kwa tabasamu lile. Akaosha masinia, akaosha sufuria. Barabarani hakuja mtu. Luhende aliambiwa arudi kwao, akarudi.

Akafuta mikono, akapiga simu.

"Mmefika?"

"Tumefika Bariadi. Wazee hawasemi na mimi."

"Mimi nina hasira zaidi yao."

"Najua."

"Hujui."

"Ni kweli, sijui. Nifanye nini, Elina?"

Swali hilo Elina alilisikia vizuri.

"Kesho jioni njoo saluni. Peke yako, bila mshenga, bila mama. Uniulize mimi. Na nikisema hapana?"

"Nitaondoka, kama leo."

"Basi njoo," alisema kwa ukali, akakata simu.