Darasa Lililosimama

Jua lilikuwa linazama Mhifadhi alipofungua mlango wa ile shule kongwe ya chumba kimoja iliyogeuzwa makumbusho, kuangalia kama vanishi ya madawati imekauka. Kesho wageni wangefika, na yeye ndiye angewaigizia mwalimu wa zamani. Miezi yote ya kupambana na mchwa, kuziba nyufa na kubembeleza wafadhili ilikuwa inaishia hapo. Alifuatana na mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

"Dada, hebu nifundishe kidogo tukuone," Chiriku alisema, akijipenyeza kwenye dawati la nyuma. "Ila usinichape. Nitamwambia mama."

Mhifadhi alicheka. Akatoka nje, akajiweka sawa, akaingia kwa hatua za mwalimu mkali.

"Hamjambo, watoto?"

Chiriku akasimama, kama wanafunzi wanavyosimama mwalimu akisalimia.

Na madawati yote yakalia... kriii.

"Hatujambo, mwalimu."

Sauti nyingi. Nyembamba.

Chumba kikanuka tope la mtoni. Mhifadhi hakuona mtu zaidi ya mdogo wake, lakini kando ya kila dawati sakafu ilikuwa inalowa, madoa mawili mawili, ukubwa wa nyayo za watoto.

Alikurupuka nje. Hofu ilimtoa mbio kabla hajakumbuka kwamba hakuja peke yake.

Mlinzi wa pale, mtu mzima mwenye kikohozi, alimdaka kwenye ngazi.

"Umewasalimia?" alinong'ona.

"Mdogo wangu yuko ndani, mzee."

"Naye amesimama?"

Aliitikia kwa kichwa. Mlinzi akashusha pumzi.

"Nilidhani ni maneno ya watu tu. Mwalimu wao aliwasalimia, wakasimama. Kabla hajawaambia kaeni, akasikia mto unanguruma, akatoka kuchungulia. Hakurudi. Walikuwa na adabu wale watoto... Maji yaliwakuta wamesimama."

"Basi niwaambie watoke."

"Neno la mtu mzima yeyote watalitii. Lakini watatoka wote waliosimama pamoja, mwanangu. Na wanakokwenda ni mtoni." Akaokota tochi yake. "Mimi sikuajiriwa kwa haya."

Akaenda zake bila kugeuka nyuma.

Mhifadhi alirudi ndani. Chiriku alikuwa bado wima, mikono ubavuni, macho mbele, hapepesi. Alimvuta mkono. Ulikuwa wa baridi, na mwili haukusogea hata kidogo.

"Kaeni," alisema, machozi yakimtoka.

Kriii... Wakakaa wote. Chiriku alijisogeza ukingoni mwa dawati, kumpisha mwenzake.

Kisha akanyoosha mkono. "Mwalimu, tunaweza kwenda nyumbani?"

"Bado, mdogo wangu. Somo halijaisha."

Akachukua chaki. Akafundisha hesabu. Akafundisha majina ya ndege. Hakujua atafundisha mpaka lini. Alijua tu kwamba akinyamaza, ule mkono utanyooshwa tena. Giza likaingia, koo likamkauka, na kila alipogeuka kutoka ubaoni alimwona Chiriku ametulia kama alivyokuwa. Alimpenda kuliko alivyowahi kumwambia.

Hakusikia hatua za nje. Mlango ulisukumwa, na mama yao, aliyechoka kuwangoja, akamulika tochi ndani. Alimwona binti mkubwa ubaoni na mdogo dawatini, akatabasamu kwa uchovu.

Mhifadhi alifungua mdomo kumzuia.

Sauti haikutoka.

"Jamani wanangu, mchezo gani huu mpaka saa hizi?" mama alisema kwa upole. "Haya, basi. Nendeni nyumbani."

Kriii...

Wakasimama wote. Chiriku ndiye aliyetangulia. Akampita mama yake mlangoni bila kumtazama, akashuka ngazi, akakata kulia kwenye giza, na nyayo ndogo za maji zikamfuata.

"We Chiriku," mama aliita. "Nyumbani ni huku."

Akangoja kidogo, akamulika kule alikoelekea.

"Mwanangu... nyumbani ni huku."