Kiboko wa Tatu

Simu ililia mara mbili, ikanyamaza, ikalia tena mara moja.

Vital hakushituka. Ilikuwa miaka mingi hajashituka. Alifuta sabuni shavuni, akaokota ile Nokia yake iliyofungwa mgongoni kwa mpira, akasikiliza.

"Ganzi," ilisema sauti ya Jogoo, mkubwa wake wa kazi. "Mvua imeingia ndani ya Safina."

"Inatoka saa ngapi?"

"Saa kumi. Ikitoka, siye wote tumekwisha. Na usiende peke yako. Kule mutu mumoja haingie. Beba bibi yako."

Simu ikakatika.

Mvua, kwa lugha yao, ni bunduki. Safina ni bustani ya michezo, kando ya barabara inayotoka Mudzipela, imejaa wanyama wa simenti wa kupanda, kukalia na kuteleza. Shehena ya Kalashnikov ilikuwa imevuka Ziwa kutoka ng'ambo ya mpaka, ikafichwa ndani ya mnyama mmoja mle. Mnyama gani, hakuna aliyejua. Saa kumi lori lingekuja kumbeba na kumpeleka upande wa Djugu, na kesho yake watu wangeanza tena kufunga magodoro vichwani na kukimbia.

Miaka ile amani ilikaa Bunia kama mgeni ambaye hajatua mzigo. Ungekohoa vibaya, angesimama kuaga.

Kwa bahati, Joséphine mkewe alikuwa akiomba matembezi hayo tangu Pasaka. Alishashonesha hata nguo: kitenge kimoja cha picha za ndege kanga, gauni na kilemba chake, na shati la bwana, kama wafanyavyo watu wanaopendana au wanaotaka majirani waseme hivyo.

"Papa Chris, vaa," alisema. "Leo unanipa siku moja nzima. Moja tu. Ukinikimbia tena katikati, mimi narudi kwetu Niania, na safari hii sirudi."

Vital akavaa. Chini ya kanga wale akachomeka bastola yake, Browning.

Chris alikuwa mtoto wao. Bomu liliangukia uani wakati wa vita, likamchukua Chris, likaacha jina lake midomoni mwa wazazi. Mkono wa kushoto wa Vital nao ulibaki pale pale uani, ukitaka kusema kweli. Ulining'inia begani, ulishika, ulibeba, lakini haukusikia kitu. Ungeuweka juu ya makaa, angejua kwa harufu. Ndiyo maana kazini wakamwita Ganzi, na hawakujua kwamba mkono ndio uliokuwa na nafuu kuliko mwenyewe.

Walipotembea, Joséphine alishika mkono huo huo wa kushoto. Wa kuume ulikuwa wa Chris. Tangu Chris afe, Vital hakumpa mtu mkono huo. Wenzake walidhani anauacha wazi kwa ajili ya bastola.

Mlangoni alikaa mwenye bustani, Papa Étienne, mzee wa kanisa mwenye funguo nyingi kiunoni. Aliwatazama, akatazama kanga juu ya vifua vyao, akaridhika.

"Wawili," alisema. "Ingieni. Humu haingie mutu mumoja. Nuhu hakukubali, na mimi ni nani?"

Ndani kila mnyama alikuwa na mwenzake. Tembo wawili, twiga wawili, mamba wawili ambao watoto waliteleza migongoni mwao. Okapi wa mbao, wawili wawili, walizungushwa na jenereta ya Yamaha iliyokohoa kuliko kuzunguka.

Vital alitazama Seiko yake. Haikuwa saa ya kawaida. Jogoo aliipata kutoka Ulaya, alisema: sindano yake inanusa chuma kama mbwa anavyonusa mfupa.

Alimkaribia tembo wa kwanza. Sindano ikaruka.

Alimkaribia tembo wa pili. Ikaruka.

Twiga. Ikaruka. Mamba, ikazunguka kama okapi.

Hakuna aliyewaza Ulaya kule kwamba mnyama wa simenti hujengwa kwa nondo, kuanzia kwato mpaka masikio. Vital aliivua saa akaitia mfukoni. Hakukasirika. Kukasirika nako kunahitaji mtu awe nyumbani.

Joséphine alitaka picha kwa kila jozi. Mpiga picha aliwapanga mbele ya tembo, mbele ya twiga, akisema karibianeni, bwana tabasamu kidogo, hatuzike mutu. Wakapanda okapi. Joséphine alicheka mpaka akashika kilemba. Vital alikisikia kicheko kile kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Saa tisa na nusu wakafika kwenye dimbwi la viboko.

"Simama pale kati," alisema Joséphine. Kisha akahesabu kwa kidole. "Papa Chris. Hapa iko watatu."

Kweli. Viboko wawili wa zamani, rangi imebanduka, wamegusana pua. Na wa tatu pembeni, mnene, mpya, anang'aa.

Vital akampiga konde. Simenti hujibu kama ukuta. Huyu alijibu kama ngoma.

Muuza bia alikuwa akiwatazama tangu kwenye tembo. Jina lake Adrien. Alijisema mtu wa Kisangani, lakini Kiswahili chake kilitembea na viatu ndani ya nyumba. Akaja mbiombio, kitambaa kipya begani, akaeleza bila kuulizwa. Kiboko yule ni zawadi yake kwa Papa Étienne. Mwenzake atakuja mwezi ujao, ndiyo maana mzee amemvumilia peke yake. Leo wanampeleka kuongezwa rangi. Ila mabwana na mabibi wasisimame juani, waje kivulini, Safina ina bia mbili za Primus za bure kwa waliovaa sare nzuri kuliko wote.

Wakakaa. Vital alipiga hesabu ya kazi: akimshika Adrien sasa, bustani imejaa watu; akisubiri, lori linakuja. Chini ya meza akabonyeza redio yake ya mkononi, Motorola, mara tatu. Jogoo akajibu mara moja, maana yake wako njiani. Lakini kutoka kituo chao cha Mbunya, na barabara ile, njiani ni neno refu.

Adrien akarudi na sinia. Chupa mbili, baridi, zinatoa jasho. Zimefunguliwa.

Vital, ambaye akili yake ilikuwa kwenye lori, alinyoosha mkono.

"Acha," alisema Joséphine.

Hakupaza sauti. Alimtazama Adrien kama anavyotazamwa mtu aliyeingia kanisani na kofia.

"Ndugu, hii chupa nani alifungua?"

"Mimi, mama. Kule nyuma. Kuwasaidia."

"Kule nyuma." Aliyarudia maneno polepole. "Weye unatoka Kisangani, na hujue? Chupa inafunguliwaka mbele ya macho ya mutu. Hata adui, unamufungulia mbele ya macho yake."

"Nilisahau, mama."

"Haina shida. Onja weye mbele, siye tufuate."

Adrien akacheka. Joséphine hakucheka. Alimimina glasi, akaisukuma.

"Onja."

Kwenye meza ya pili watu wakageuka. Adrien aliitazama glasi, akatazama kiboko, akatazama mlango. Akasema dini yake haimruhusu.

"Dini inakuruhusu kuuza?"

Kitambaa kilitoka begani. Ndani yake kulikuwa na kisu.

Kilimwendea Joséphine.

Vital akaweka mkono katikati. Wa kushoto. Kisu kikaingia kiganjani kikatokea upande wa pili, na hapo kikasimama.

Vital alikitazama. Kisha alimtazama Adrien, bila chuki, kama mtu aliyeulizwa njia na hajui. Akafunga vidole juu ya kile kisu, kimoja kimoja.

Hakuna aliyemfundisha Adrien jambo kama hili, huko alikofundishwa. Alivuta, kisu hakikutoka. Akatoa macho. Mdomo wake ulitafuta Kiswahili, ukakikosa, ukaanza lugha nyingine kabisa.

Joséphine akamshushia Primus ya pili kichwani. Chupa nzima, kubwa, na bia yake.

Adrien akalala.

Lori la Fuso lilikuwa limeshafika mlangoni, saa kumi kasoro dakika tano, limewasha injini. Lakini halikuingia. Dereva alipiga honi, akashuka, akabembeleza, akatisha, akaonyesha karatasi zenye mihuri. Papa Étienne alimsikiliza mpaka mwisho.

"Iko wapi mwenzako?"

"Niko peke yangu, muzee."

"Basi nenda utafute mwenzako."

Walikuwa bado kwenye mashauri hayo wakati Hilux mbili za Jogoo zilipoziba barabara.

Askari walimvunja kiboko kwa nyundo. Tumbo lilipofunguka, Kalashnikov zilimwagika ndani ya dimbwi, bado na mafuta yake, na Papa Étienne akavua kofia akasema alijua, Mungu shahidi wake, alijua kwamba mnyama bila mwenzake hana nia njema.

Motorola ikakoroma.

"Ganzi. Umeumia?"

"Mukono wa kushoto."

"Unauma?"

"Hapana."

Joséphine alikuwa akiufunga kwa kilemba chake, kanga juu ya kanga, damu ikitafuta njia kati ya ndege. Hakuuliza habari ya kazi. Mke wa mtu wa usalama huanza kujua wakati wa kufua. Mafuta ya bastola hayatoki kwa sabuni ya kawaida. Alisema tu kwamba siku haijaisha, wamebakiza simba.

Wakainuka. Akamzunguka kwenda upande wake wa kushoto, kama siku zote, akaukuta mkono umekuwa furushi. Akasimama, hana pa kushika.

Vital alichomoa Browning, akaifungua sakoshi ya mkewe, akailaza kati ya karanga na Biblia.

"Nzito," alisema Joséphine.

"Sana."

Nyuma yao nyundo zilikuwa bado zinapiga. Hakugeuka. Alimpa mkono wa kuume, wakatembea polepole kuelekea kwa simba wawili.

Kiganja cha Joséphine kilikuwa na joto, kinanata bia.

Alikisikia.