Suti ya Mwaringa Ilikuwa na Nafasi

Wimbi la kwanza halikuwapindua. La pili ndilo lililoiinua ubavuni kayaki yao, mtumbwi mwembamba wa kasia, likaishikilia juu kidogo, kisha likaibwaga. Purity alikunywa chumvi mpaka puani, akaibuka akimwita kaka yake kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

"Mwaringa! Mwaringa we!"

"Niko huku! Shika kamba! Usiiachilie!"

Walikuwa wametoka Kilifi asubuhi, wawili tu, kuitazama njia ya nje ya mwamba ambayo kesho yake Mwaringa angewapitisha wageni. Ndiyo iliyokuwa kazi yao ufukweni, kufundisha watu kupiga kasia. Hawakumwambia mtu wanakoelekea, maana walijua chakula cha mchana kitawakuta nyumbani Kibarani. Kusi lilikuwa limevuma tangu juzi, lakini asubuhi ile lilitulia, likawadanganya. Walipopita tu mlango wa mwamba, mvua ikaja nyeupe kutoka kusini na upepo nyuma yake.

Makasia yalikwenda na maji. Simu ilikwenda. Kayaki iligonga jiwe, ikapasuka chini na kujaa maji. Haikuzama, ila haikuweza kubeba zaidi ya mtu mmoja juu. Wa pili ilimbidi aning'inie majini, ameshika kamba. Wote wawili walivaa jaketi za kuelea, kwa hiyo hawakuogopa kuzama. Waliogopa walipoona minazi ya Kilifi inarudi nyuma, na mkondo unawapeleka kaskazini na nje zaidi.

"Tuogelee," Purity alisema.

"Mkondo huu hatuuwezi, tutajimaliza bure. Panda wewe kwanza. Tutapokezana."

Wakapokezana mchana kutwa. Maji ya kunywa yalikuwa chupa moja iliyofungwa kwenye kayaki, na walikunywa kwa kulowesha ulimi tu. Goti la Purity lilichanwa na mwamba. Mwaringa alilifunga kwa kipande cha kamba na shati, akamwambia asilitazame.

Watu husema bahari yetu haina baridi. Purity naye alikuwa akisema hivyo. Lakini kaa ndani yake kutwa, kusi likupige kichwa na mabega, utajua inavyokunyonya joto polepole, bila kuuma, mpaka unashangaa vidole haviitikii.

Jua lilipoanza kuinama, zamu ya Purity kushuka ilifika. Mwaringa hakupanda.

"Kaa tu. Mimi niko sawa."

"Meno yanagongana hivyo, na uko sawa?"

"Natafuna."

"Unatafuna nini?"

"Wali wa mama."

Purity alicheka, kisha akamtazama vizuri, na kicheko kikamwisha. Kila wimbi lilipopita, suti ya mpira ya kaka yake, ile ya kukinga baridi majini, ilijaa maji mgongoni kama mfuko, halafu ikayatema. Chini ya kwapa mshono ulikuwa umeachana, ngozi inaonekana. Maji mapya ya bahari yalikuwa yanamwosha mwilini kila mara.

Suti ile alipewa na mama yao, Zipporah, aliyeuza mitumba sokoni. Ilitoka kwenye robota, nyeusi, nzima, na mama akaiweka kando kwa furaha. Mwaringa alipoijaribu ilimpwaya kiunoni na shingoni. Mama akamzungusha kama alivyokuwa akimzungusha zamani na sare ya shule.

"Ina nafasi. Utanenepa, itakukaa. Nguo ya kubana haimdumu mtu."

Purity alikuwa na suti aliyopewa na Hannah, mwenzake wa kazini, iliyomkamata mwili wote mpaka kuivaa ni shughuli. Mama alipoiona alishika kiuno.

"Ndiyo nini hii? Umefungwa kama soseji! Na unapita nayo mbele za watu?"

"Mama, ndivyo inavyotakiwa. Maji yasizunguke ndani, yakaondoka na joto."

"Mimi nimeuza nguo tangu kabla hujazaliwa."

Na kila Jumamosi mama aliifua suti ya Mwaringa kama alivyofua kila kitu cha wanawe, kwa bidii. Maji ya moto, sabuni ya unga, brashi, jiki kidogo kwa ile harufu. Aliianika juu ya mabati jua la saa sita, akaigeuza ikauke pande zote, kisha akailaza chini ya godoro inyooke. Purity alimwambia mama kwamba Hannah huzisuuza suti kama hizo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hugeuza ndani nje na kuanika kivulini. Mama alimjibu bila kuinua kichwa, "Leo nifundishwe kufua?" Mpira ukakauka, ukawa mgumu kama ganda la chungwa lililosahaulika juani. Mwaringa aliona nyufa kwenye mishono. Angemwambiaje mama yake kwamba zawadi imeharibika kwa kupendwa?

"Kaka, tubadilishane," Purity alisema sasa.

"Hiyo yako? Hata mguu hautaingia."

"Basi panda. Panda juu nakwambia!"

Akampandisha kwa kumvuta jaketi, akining'inia yeye. Lakini huko juu upepo ulimkuta Mwaringa amelowa, nao ukawa mbaya kuliko maji. Alitetemeka mpaka kayaki ikatetemeka naye. Giza lilipoingia Purity alijivuta juu mpaka akamlalia kifuani, miguu ikabaki majini, akamkumbatia ili ampe joto la suti yake. Alimwimbisha nyimbo za kanisani, akamuuliza majina ya wageni wote wakorofi. Mwaringa alijibu, kisha akajibu nusu, kisha akaanza kusema ana joto, anataka kuvua.

"Usivue. Mwaringa, usivue, nakuomba."

Kutetemeka kukaacha. Purity alidhani amepata nafuu, akamshukuru Mungu.

Kulipokucha maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yenye matope na vijiti. Alijua ni Sabaki, pale mto unapomwaga udongo wake. Nchi kavu ilikuwa karibu, vilima vya mchanga vinaonekana.

"Kaka, Sabaki hii! Tumefika! Fumbua macho."

Alifumbua. Alimtazama kama mtu anayetazama kupitia dirisha la nyumba nyingine.

"Mwambie mama," alisema, na ulimi ukamlemea. "Mwambie suti ilinikaa vizuri."

Boti la wavuvi liliwakuta likielekea nyavuni. Nahodha Athman, mtu mzima wa Mambrui, alimpokea Mwaringa mikononi, akamvua taratibu, akamfunika kwa koti na tanga, akamlaza kifuani kwake kama mtoto. "Upesi, vijana, upesi," aliwaambia wenziwe, na baadaye hakusema upesi tena. Alitoa kofia yake kichwani. Purity alielewa kabla boti halijagusa mchanga.

Mama alimuuliza siku ya tatu baada ya mazishi, wakiwa jikoni.

"Alisema nini?"

Purity alikuwa na yale maneno ya kaka yake tayari mdomoni. Yalikuwa maneno mazuri. Lakini kwenye kila ufukwe wa huku kuna watoto wanaingia majini, na kila mtoto ana mama anayemfulia.

"Alisema nikwambie suti ilimkaa vizuri," alijibu. "Haikumkaa, mama. Ilikuwa kubwa, na ilikuwa imepasuka."

Zipporah aliendelea kuchambua mchele hadi ungo ukawa mtupu, kisha akachambua ungo mtupu.

Miezi ilipita kabla hajarudi sokoni. Purity alikuwa amekaa nyuma ya meza yake siku mama mmoja kijana alipoinua suti nyeusi ya mpira kutoka kwenye lundo, akaipima hewani.

"Hii nitamchukulia mwanangu anayejifunza kuogelea. Ina nafasi, itamdumu. Bei gani, mama?"

Zipporah aliichukua mikononi mwake. Akapitisha vidole shingoni mwa suti, akaona ni pana mno kwa mtoto. Akaikunja, akaikalia.

"Hii siuzi hivi hivi. Nenda kamlete mtoto mwenyewe," alisema. "Aje avae hapa, mbele yangu. Akilia kwamba inambana, ndiyo nitakuuzia."