Nzuri, Ila

Sauti ya Stumai ilikuwa ikibishana bei na mteja wa Pangani, na ilikuwa inashinda. Stumai mwenyewe alikuwa kimya jikoni, mikono imezama kwenye unga wa visheti. Hakujua hata mteja huyo ni nani. Sebuleni, ndani ya kifaa cheupe kisichozidi kopo la maziwa, sauti yake ilicheka kama anavyocheka yeye, ikakataa kupunguza bei kama anavyokataa yeye, kisha ikaaga kwa adabu na kupokea simu nyingine.

Kifaa hicho kiliitwa Kaimu. Kilibuniwa na mafundi wa Tanga katika miaka ile ambayo jiji lilijaa minara ya kuvuna jua na mikokoteni inayojiendesha, na watu wengi walikuwa wamegeuza nyumba zao kuwa viwanda vidogo. Ndani yake mlikuwa na sautipacha, yaani nakala ya sauti ya mwenye nyumba, iliyofundishwa namna anavyoongea, anavyotania, hata anavyonuna. Mwenye Kaimu hakuacha kazi ili apokee simu. Na Stumai hakuwa na muda wa kuchezea. Alikuwa akilea peke yake, na kazi yote ya visheti, kashata na vileja ilibidi iishe kabla binti yake hajarudi kutoka shule. Binti akishaingia mlangoni, siku ya kazi imekwisha.

Hata hivyo, mwanzoni Kaimu hakumpunguzia sana. Kila ndugu aliyepiga, Kaimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamletea Stumai maneno yote, salamu kwa salamu. Ndipo fundi Mhina, aliyemuuzia kifaa hicho, alipokuja kumwonyesha chujio la salamu.

"Dada Stumai, sisi tunasalimiana mno," alisema Mhina huku akicheka. "Za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi. Simu inakaribia kwisha, mtu hajasema kitu. Sasa hili chujio linasikiliza jibu la kwanza tu. Mtu akisema nzuri, Kaimu anashukuru, anaaga, wewe unaambiwa habari ni njema. Akisema mbaya, kengele inalia, unakuja mwenyewe."

"Na wateja je?"

"Wateja hawaguswi, wale wana oda zao. Hili ni la ndugu na jamaa."

Stumai aliona hiyo ni akili kubwa. Akaliwasha palepale, Mhina hajamaliza chai yake.

Biashara ikachanua. Aliongeza tanuri la pili, akaanza kupokea oda za harusi za Muheza, na majirani wakawa wanamwuliza siri yake ni nini. Kila mchana, alipokuwa akifuta meza, Kaimu alimpa taarifa: "Mama amepiga kutoka Korogwe. Habari zake njema." Stumai alijibu alhamdulillahi na kuendelea kufuta. Tusimwonee, alimpenda mama yake. Kila siku alisema jioni nitampigia mwenyewe, na kila jioni kulikuwa na chakula cha kupika, nguo za shule za kupiga pasi, na usingizi usiobembelezwa. Na kwa nini ahangaike, ikiwa habari ni njema?

Asubuhi moja alisikia hodi mlangoni, kisha sauti yake mwenyewe, kutoka kwa Kaimu, ikimjibu mgeni: "Karibu sana, ila niko kazini kidogo. Niachie ujumbe."

"Fungua, Stumai. Sisemi na hilo dude, nasema na wewe."

Alikuwa kaka yake, Salehe, mchimbaji wa madini ya chini ya bahari, ambaye hurudi nchi kavu mara moja kwa msimu. Aliingia bila kuvua viatu, naye si mtu wa kukosa adabu.

"Mama hataki hata kulisema jina lako vibaya," Salehe alisema. "Ananiambia tu, Stumai anajua, nilimwambia."

"Aliniambia nini?"

"Macho, Stumai! Presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia anaona ukungu. Nimempeleka juzi. Daktari kauliza tulikuwa wapi muda wote huu, wakati dawa ingeweza kuyashikilia yote mawili. Mama kasema alimwambia binti yake, binti akamjibu amefurahi kusikia."

Stumai alikaa chini sakafuni, na unga wake mikononi. Alimwagiza Kaimu arudie simu za mama, tangu chujio lilipowashwa.

"Nzuri mwanangu, ila haya macho..." ilisema sauti ya mama.

"Nimefurahi kusikia hivyo, mama," ilijibu sauti ya Stumai, tamu na ya upendo. "Uwe na siku njema."

Simu iliyofuata: "Nzuri, ila leo nimeshindwa hata kuona..." Nimefurahi kusikia hivyo, mama. Na nyingine. Na nyingine. Salehe aligeuza uso kuelekea ukutani.

Stumai alimpigia Mhina. "Mhina, wewe umezaliwa hapahapa. Umewahi kumsikia mtu anaulizwa habari akajibu mbaya? Hata aliyefiwa anasema nzuri, ila tumepata msiba!"

"Hata mimi husema nzuri," Mhina alijibu kwa sauti ndogo. "Sijui tulikuwa tunafikiria nini, dada."

Stumai hakuweza kumtukana. Yeye mwenyewe alikuwa amelisikia jambo hilo kwa masikio yake, akaliita akili.

Treni ya kasi iliwafikisha Korogwe kabla ya adhuhuri. Mama, Bi Mwanamkuu, alikuwa amekaa kibarazani, uso ameuelekeza kwenye vishindo vya miguu yao, si kwao. Stumai alipiga magoti, akamshika mikono yote miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni Stumai huyo? Wewe mwenyewe?"

"Ni mimi, mama. Nimekuja. Habari za macho?"

"Nzuri," alisema mama.

Stumai alisubiri. Alimsogelea karibu zaidi, akilisubiri lile neno dogo linalokuja baadaye, ambalo maisha yake yote mama hakuwahi kulikosa. Mama alitabasamu kuelekea upande usio na mtu, akaitoa mikono yake taratibu kutoka mikononi mwa binti yake.

"Haya mwanangu," alisema. "Nisikucheleweshe. Najua una kazi."