Mlinzi wa Nyuma

Kila siku saa nane mchana, watoto tisa walijipanga nje ya shule kurudi nyumbani Berea, mtaa wa wageni wengi kusini kabisa mwa Afrika. Mbele alitangulia Mama Angélique, msusi kutoka Bukavu. Nyuma kabisa alikuwa Saida, binti wa miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa moja tu: asimpite mtoto wa mwisho. Huyo wa mwisho daima alikuwa Suhaib, wa miaka saba, mgonjwa wa pumu. Saida alimbebea mkoba wenye dawa yake ya kuvuta.

Utaratibu huo ulitungwa na Babu Bakiri, fundi cherehani wa jengo la ghorofa walimoishi wote. Baba yake alikuwa askari katika Vita Kuu ya Pili, akavushwa bahari katika msafara wa meli. "Nyambizi ilijificha chini ya maji," babu aliwasimulia, "ikingoja meli iliyobaki nyuma. Kwa hiyo msafara ulikwenda kwa mwendo wa meli goigoi kuliko zote, na manowari ikalinda nyuma." Watoto wakambandika Saida jina la Manowari, naye akavimba kichwa.

Haya, kuvimba kichwa si kulinda. Septemba ile ya 2019, wiki ambayo maduka ya wageni kama wao yalikuwa yakichomwa mjini, Saida alinusa magwinya, yale maandazi ya moto ambayo gogo mmoja, bibi mzee wa Kizulu, huyauza karibu na robot, zile taa za barabarani. Njaa haina adabu. "Endelea tu, nakuja," alimwambia Suhaib. Alipogeuka na andazi mkononi, mstari ulikuwa umeshavuka barabara. Akaukimbilia, akidhani Suhaib yumo.

"Saida, wote wako?" Mama Angélique aliuliza langoni.

"Wote, mama," alijibu akitafuna, bila kuhesabu hata kichwa kimoja.

Alipoanza kupanda ngazi, mkoba wa Suhaib ukamgonga kiunoni. Saida akageuka. Suhaib hakuwepo.

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Hakusema, aliogopa. Akajidanganya kwamba mtoto atafika mwenyewe. Alisimama dirishani, moshi mweusi ukipanda upande wa mjini, watu wakikimbia, na dawa ya Suhaib ikiwa mkononi mwake. Dakika kumi zikapita. Akateremka kwa Babu Bakiri akilia.

"Babu, nimesema uongo. Suhaib hayupo, na dawa yake ninayo mimi."

Babu hakumfokea. Aliacha cherehani, akamwita Mama Angélique, wakatoka wote watatu. Maduka yalikuwa yakifungwa kwa vishindo. Kona ya mbele walisimama vijana wenye marungu, ikabidi wazunguke mtaa mzima. Saida aliomba kimoyomoyo, Mungu wangu, nitamwambia nini mama yake.

Gogo wa magwinya aliwapungia mkono, kisha akainua kitambaa cha meza yake. Suhaib alikuwa amejikunyata chini yake, midomo imeanza kuwa ya bluu, kifua kikilia. Saida akamwekea dawa mdomoni. Suhaib akavuta mara moja, mara mbili, mpaka pumzi ikarudi.

"Aliishiwa pumzi, akarudi hapa. Nilitaka kumpeleka kwangu, akakataa," gogo alisema kwa Kizulu, na Saida alielewa kila neno. "Anasema dada wa nyuma hampiti mtu, lazima atakuja."

Saida akakaa chini barabarani, akalia kwa sauti.

Jioni Babu Bakiri alimwita. "Mjukuu wangu, meli ya baba yangu iliharibika injini, ikabaki nyuma. Wakubwa wake waliona aibu kutoa ishara, wakanyamaza. Nyambizi ikawakuta wamenyamaza, ikawazamisha. Baba aliokolewa baada ya siku mbili majini. Wenziwe wengi hawakuonekana tena. Andazi ni tamaa ya mtoto, nimekusamehe. Lakini ule uongo wa langoni ungemuua mwenzio. Ukikosea, sema saa ileile, wakati bado kuna wa kuokolewa."

Kesho yake langoni, Mama Angélique aliuliza swali lake. Saida hakujibu mpaka alipogusa kichwa cha kila mtoto, akimalizia na cha Suhaib.